Uzito Uliomleta Gisèle

Ukifika Juru, kule kambini Nakivale, ukamuulizia Bonaventure, watu watakuuliza Bonaventure yupi, maana wapo wengi. Sema Mama Bona. Hapo hata mtoto mdogo atakushika mkono akupeleke mpaka mlangoni kwake, na njiani mtakutana na watu watakaocheka bila kukuambia wanacheka nini. Bonaventure mwenyewe huitikia jina hilo bila kinyongo. Mwenye kinyongo ni mimi. Mama yake na mama yangu walizaliwa tumbo moja, na kwa kuwa nimemtangulia ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Nakaa Ruti, pale Mbarara kwenye barabara ya Kabale, nauza mkaa na nyanya, na mdomo wangu wanaujua hata vijana wa bodaboda. Wanaolicheka jina lile wamelikuta tu, hawajui lilizaliwa wapi. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nitasimulia mimi, na anayetaka kucheka asubiri mwisho aone kama ataweza.

Bonaventure alizaliwa Sange, katika bonde la Ruzizi, Kivu ya Kusini. Vita vilimkuta kijana, vikamkuta tena mtu mzima, na mara ya pili akasema imetosha, akavuka mpaka akaja Uganda. Walimpa kipande cha shamba Juru. Akajenga nyumba ya udongo, akafunika kwa turubai, akapata baiskeli kuukuu, akaanza kununua maharagwe kwa wakulima na kuyapeleka kwenye soko la Base Camp. Ni mrefu, mwembamba, mpole kupita kiasi. Mtu akimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi.

Alimuoa Gisèle kanisani palepale kambini. Gisèle ni wa Fizi, aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na alikuwa mwanamke wa maneno machache. Baada ya ndoa maneno yale yakapungua zaidi, kwa sababu mimba ya kwanza ilitoka kabla ya wakati, nyumbani, na mtoto akafia mikononi mwake kabla jua halijapanda. Mimba ya pili mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Watu wa Juru ni wema lakini wana macho. Mwanamke akishapoteza mara mbili, hata akiazima chumvi wanamtazama tumbo.

Mimba ya tatu ilikuwa mwaka 2013. Ilipopita miezi sita Gisèle alianza kupata homa. Akasema ni malaria, akanywa vidonge, akaendelea kupalilia. Alikuwa shambani chupa ya uzazi ilipopasuka. Bonaventure alimpakia nyuma ya baiskeli, akamfunga kwake kwa kitenge asianguke, akakanyaga mpaka kliniki ya Base Camp. Pale hawakupoteza muda. Gari la wagonjwa liliwaleta Mbarara, katika hospitali kubwa, na mtoto akazaliwa jioni ileile. Alikuwa wa kiume, hajafika kilo moja.

Mimi nilifika kesho yake asubuhi na chupa ya uji. Nilimkuta Gisèle kwenye wodi ya wazazi amelala na homa inayochemka, hasikii unachosema. Nikauliza Bonaventure yuko wapi, wakanielekeza chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Nikaingia. Kulikuwa na wanawake kwenye vitanda, kila mmoja na mtoto kifuani, na katikati yao nikamuona ndugu yangu, ameketi wima kama anayepigwa picha, hana shati, amefungwa kitenge cha mke wake kifuani.

"Bona, ni nini hii?"

"Yaya, sema polepole. Kako humu."

Akafungua ncha ya kitenge nikaona kichwa. Kilikuwa kidogo kama limau, kimevishwa kofia ya sufu, na puani mpira mwembamba wa kupitishia maziwa. Ngozi ilikuwa nyembamba hata mishipa inaonekana.

Muuguzi mkuu wa chumba kile aliitwa Sista Yudaya, Mganda, Mwislamu wa mtandio mweupe, mwenye mwendo wa haraka. Mashine za joto zilikuwa zimejaa. Alikuwa ametoka mlangoni akamkuta Bonaventure amesimama kwenye korido, akamwambia avue shati. "Nilizani banataka kunipima kifua," Bona aliniambia. "Nikavua. Akanibandika mutoto, akafunga, akasema, joto ya mama iko mgonjwa, leo joto ni wewe." Hakujua la kufanya na mikono yake, kwa hiyo aliiweka magotini na kukaa hivyo usiku kucha.

Kitanda cha pembeni kilikuwa cha Lillian, mke wa askari wa kambi ya jeshi. Mumewe alikuwa Somalia. Lillian alijifungua mapacha kabla ya wakati, Wasswa na Kato, na Kato hakumaliza juma. Wasswa alibaki. Lillian alikuwa mnene, mcheshi, na aliongea Kiswahili cha kambini kilichokuwa kama amri.

"Mzee, wewe usiogope sisi," alimwambia Bona siku ile. "Hapa hakuna mwanamke, hakuna mwanaume. Hapa iko mizani tu."

Nikawaza, mtu huyu amekimbia askari nchi nzima, sasa analala hatua mbili kutoka kwa mke wa askari, na mke wa askari ndiye anayemfundisha kushika shingo ya mtoto. Mungu ana utani wake.

Ni hapo jina lilipozaliwa. Nehemiya, mwalimu wa kwaya kule Juru, alitumwa na kanisa kuja kumwona mgonjwa. Alileta ndizi na zaburi. Alipomwona Bona, mzee wa kanisa lao, hana shati katikati ya wanawake wanaonyonyesha, macho yalimtoka. Aliomba, akaondoka. Lakini kabla ya Jumapili Juru yote ilijua kwamba Bonaventure amekuwa mama. Nehemiya ana sauti nzuri ya kuimba, na ulimi ambao ungefaa kufungwa kamba.

Kichwani mwa kitanda, kwenye karatasi, waliandika "Mtoto wa Gisèle", kama wanavyoandika kwa wote. Jina la kwake hakuwa nalo. Katika ukoo wetu, mtoto aliyekuja kabla ya siku zake hapewi jina mpaka akae, yaani mpaka watu waone amekubali kubaki. Akiondoka kabla ya hapo, wanawake humzika kimya, hakuwashwi moto wa matanga, na watu hulima kesho yake. Lillian alishangaa sana kusikia hivyo.

"Sisi mapacha wanakuja na majina yao," alisema. "Kato alikufa na jina yake. Mimi namwita mpaka leo."

Bona aliinamia kitenge. Alikuwa akiongea na mtoto. Alimweleza njia ya kutoka Juru mpaka Base Camp, kilima baada ya kilima, wapi unashuka kwenye baiskeli ukasukuma, wapi kuna mbwa mkali. Wanawake walimcheka, kisha wakazoea, kisha nikaona hata wao wanasikiliza.

Majuma mawili yakapita, la tatu likaingia. Wasswa wa Lillian alianza kupata mashavu. Mtoto wa Gisèle alikunywa, alilala, alijisaidia, lakini mizani ilikataa. Ikipanda kidogo Jumatatu, Jumatano imeshuka. Alichomwa sindano za dawa, akaonekana ana nafuu, kisha joto likarudi. Bona alikuwa akimkabidhi mtoto kwenye mizani kila asubuhi na kugeuza uso ukutani mpaka watamke.

Siku moja alimuuliza Sista Yudaya waziwazi. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya maziwa mkononi.

"Sista, anakula. Mbona hakomee, haongezeke?"

Yudaya aliketi kitandani, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Baba, sikiza. Huyu mtoto mwili yake iko na moto ndani. Kila siku inapigana na ugonjwa. Maziwa unampa, mwili inapeleka kwa vita. Haibaki kitu ya kujenga."

Bona alivuta kofia ya mtoto ikae sawa. "Ninasikia. Kwetu ni vilevile. Pahali kuko vita, batu habajenge nyumba."

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Na ule moto ulitoka wapi?"

"Ilianza tumboni. Mama alikuwa na homa, si ya malaria, ni ya nyumba ya mtoto. Ile ndiyo ilifanya azaliwe mapema. Lakini si makosa ya mama. Wewe unanielewa? Si makosa yake."

Alielewa. Ila Bonaventure hana kifuko cha kuwekea habari. Gisèle alikuwa amepata nafuu, wamemruhusu, na kwa kuwa hakuweza hata kusimama muda mrefu nilimchukua kwangu Ruti apate nguvu, hata mtoto hajamwona. Bona akaja kumwona, akamsimulia yote kama alivyoambiwa, tena kwa uaminifu, mpaka lile la mwisho la kwamba si makosa ya mama. Gisèle alishika nusu ya kwanza ya habari na kuiacha ya pili ianguke.

"Ndiyo mimi nilimuchoma," alisema.

"Hapana, mama. Sista amesema..."

"Wa kwanza alikufia mu mikono yangu. Wa pili alikufa mbele azaliwe. Ni mimi niko na ule moto, Bona. Akae na wewe. Mimi nisimuguse."

Tulimsihi. Bona alimsihi kwa upole wake, mimi kwa ukali wangu. Nilimwambia mwanamke mzima hawezi kuogopa mtoto asiyejaza kiganja. Nilimwambia watu wataongea. Ukimkaripia mtu aliyekwisha kujihukumu mwenyewe, unapoteza mate yako bure. Nikaacha.

Maziwa hakuyakataa. Yudaya alituma neno kwamba maziwa ya mama hayana kosa lolote, kwamba ndiyo dawa, na hilo Gisèle alilikubali. Kila asubuhi na kila jioni alikamua kwenye kikombe nilichokichemsha, akafunika na kisahani, akanipa huku ametazama upande mwingine. Mimi nikayamimina kwenye chupa, nikapanda boda mpaka hospitali. Hakuniuliza hata siku moja mtoto anaendeleaje. Lakini kila niliporudi nilimkuta amesimama mlangoni, amejifunga kanga mpaka shingoni. Nikisema, "Amekunywa yote," anaingia ndani. Siku nikichelewa kusema kwa sababu ya kuagana na mwenye boda, hasogei.

Nilichoka, sitaficha. Nyanya zangu zilioza, mkaa wangu waliuza majirani walivyotaka. Lakini nilikuwa nikiona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa watu wetu. Mwanamume ametoa kifua chake, mwanamke ametoa maziwa, na mtoto yuko katikati, mzima nusu nusu, anawaunganisha watu wawili wasioonana. Nilimwomba Mungu siku moja tu aniondolee hiyo kazi ya kuwa barabara kati yao. Nilitaka Gisèle aende mwenyewe. Nilitaka hilo hata kuliko kilo za mtoto, kwa sababu nilijua mtoto akienda bila yeye kumshika, Gisèle hatarudi kutoka pale alipokuwa.

Halafu ikaja ile asubuhi ya Agosti. Nilikuwa napanga nyanya mbele ya nyumba, Gisèle ameketi na ungo anachambua mchele. Boda ikasimama, akashuka Bonaventure, vifungo vya shati vimekosana, na uso ambao sikuwa nimeuona tangu tulipokuwa Sange.

"Gisèle, vita imeisha."

Gisèle hakunyanyua kichwa.

"Amenenepa. Mizani imeruka, mwanafunzi wa Sista aliyemupima alipima mara mbili. Nilimusikia muzito tangu usiku, nikasema labda ni mimi nimechoka. Iko na mashavu, mama. Mifupa ya kifua haionekane tena."

"Umemuacha na nani?" niliuliza mimi.

"Na Lillian. Amebabeba wote wawili."

Gisèle aliweka ungo chini polepole. "Moto umetoka?"

"Umetoka."

Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Alioga. Alinawa mikono mpaka viwikoni, akarudia, akarudia tena, mpaka nikamwambia ngozi itatoka. Akavaa kitenge cha kwaya. Tulipanda boda mbili, na njia nzima aliishika mikono yake miwili mbele, imefumbatana, kana kwamba amebeba kitu tayari.

Lillian alipomwona hakuuliza huyu ni nani. Alisogea, akapiga kitanda kwa kiganja. "Kaa hapa, mama. Fungua blauzi. Usiogope, haumi."

Gisèle aliketi. Kifungo cha kwanza kilimshinda, nikamfungulia mimi. Lillian alimtoa mtoto kutoka upande mmoja wa kifua chake, Wasswa akabaki upande wa pili akinung'unika, akamlaza yule kwenye kifua cha mama yake. Bona akawafunga kwa kitenge, fundo alilokuwa amelifunga siku zote hizo, akalikaza kwa mazoea. Mtoto hakulia. Alifungua macho kidogo tu, akayafumba.

Ni kweli alikuwa na mashavu. Na mimi niliyaona, na mimi nilifurahi. Mikono ilikuwa imejaa, vidole vya miguu vimekuwa vya mviringo, ngozi inang'aa.

Gisèle alimtazama muda mrefu. "Anafanana na papa yangu," alisema. "Anafinya uso hivi akisikiliza habari ya uongo."

Bona alicheka. Kisha akachuchumaa mbele yake. Kumpa mtoto jina ni haki ya baba, lakini alimwambia, "Mupatie jina wewe."

"Amekaa?"

"Si unamuona? Amekaa."

"Basi ni Déo."

Déogratias, asante kwa Mungu. Lillian akapiga kigelegele kidogo cha chumba cha wagonjwa, na mama wa kitanda cha mbele akaitikia. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, maana nilihisi mzigo umenitoka. Niliporudi Gisèle alikuwa akimwimbia sauti ya pili. Sauti ya kwanza haikuwepo, kwa hiyo wimbo ulikuwa na mapengo, lakini aliendelea.

Alimbeba mchana wote. Hakukubali hata kula kwa mkono wake, Bona akamlisha. Walikuwa wakicheka kwa kitu gani sijui. Sikumbuki kuwaona wakicheka pamoja kabla ya siku ile.

Sista Yudaya aliingia zamu alasiri. Alikuja akitabasamu, kwa kuwa alimkuta mama kitandani na mtoto wake. Kisha akamtazama mtoto, na tabasamu likabaki mdomoni tu. Aliinua ncha ya kitenge, akashika mguu mdogo wa Déo, akaubonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba. Akaondoa kidole. Pakabaki kishimo. Nilingoja kijae. Hakikujaa.

Hakusema mbele ya Gisèle. Alimwita Bona mlangoni, nami nikawafuata bila kuitwa.

"Baba, hii si nyama. Ni maji. Ule moto umeshinda mwili, maji inatoka kwa damu inaingia kila pahali. Ndiyo mizani imeruka."

Bona alitazama mikono yake. Na hapa lazima niseme kitu. Huyu ni mtu wa maharagwe. Kule soko la Base Camp wapo wanaolowesha maharagwe usiku ili yavute kwenye mizani asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuzia Bonaventure maji. Anachukua punje moja, anaibonyeza kwa ukucha, anakurudishia gunia lako bila kelele. Wakulima wa Juru wanamheshimu kwa hilo tu. Mtu huyo alikaa na mtoto yule kifuani, mwili kwa mwili, akamhisi anaongezeka, na hakubonyeza. Wala mimi simshangai. Mtu hakagui kile alichokiomba kwa magoti.

"Nimuambie aje?" aliuliza. "Nimemutoa kule Ruti. Nimemuambia umetoka."

Yudaya alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nitaita daktari. Tutajaribu. Lakini mtoto mwache pale pale kwa mama yake. Usimtoe."

Daktari alikuja, dawa zikabadilishwa, wakaweka mpira wa hewa puani. Walijaribu kwa nguvu zao zote, nawashuhudia. Bona alisimama ukutani kama mtu aliyeshikwa akiiba. Hakumwambia mke wake kitu, na Gisèle hakuuliza. Alikuwa ameona daktari, alikuwa ameona mpira, alikuwa ameona uso wa mumewe. Aliacha kuimba, lakini hakumtoa mtoto kifuani, na hakusema habari ya moto tena. Lillian alisogeza kitanda chake mpaka kikagusana na cha Gisèle. Wakalala hivyo, mke wa mkimbizi na mke wa askari, kila mmoja na mtoto wake.

Déo alikufa kesho yake asubuhi, jua limeshachomoza, kifuani pa mama yake. Hakuhangaika. Gisèle ndiye aliyejua kwanza. Alisema, "Bona, amepoa," kwa sauti ya kawaida, kisha akamfunika vizuri zaidi.

Tulimpeleka Juru kwenye sanduku dogo ambalo seremala wa Ruti alitengeneza. Tulipofika, wanawake wa kanisa walikuwa wamesimama wanasubiri, na mkubwa wao akamwuliza Gisèle kwa sauti ya chini, kama wanavyouliza, ili wajue watamzika namna gani. Alimwuliza kama mtoto alikuwa na jina. Nilimwona Bona anainamisha kichwa. Mtu anayejiona amedanganya hawezi hata kutetea jina.

"Anaitwa Déo," Gisèle alisema. "Tuwashe moto."

Ukawashwa. Watu walilala nje, waliimba, walileta kuni na unga wa mahindi. Nehemiya mwenyewe aliongoza kwaya, na ulimi wake kwa mara hiyo moja ulikuwa na adabu. Mtoto ambaye Juru haikuwahi kumwona alililiwa kama mtu. Lakini Bonaventure alikaa pembeni, upande wa baiskeli yake, na siku zote zile za kilio hakumtazama mke wake usoni. Akipelekewa chakula anashukuru bila kula. Akiulizwa na wazee habari ya mtoto, anasema muulizeni mama yake. Mimi niliogopa. Nilifikiri, mke ametoka shimoni, sasa mume ameingia, na sina maziwa ya kubeba safari hii.

Siku ya kuvunja matanga watu walioga, wakaaga, wakaondoka. Nilibaki nakusanya sahani za kuazima. Gisèle alikuwa ameketi kwenye mkeka, kifua bado kimejaa, blauzi imelowa, maana maziwa hayajui kwamba mtu amekufa. Bona akaja akasimama mbele yake. Hakuketi.

"Nisamehe, mama ya Déo," alisema. "Nilikuletea uongo mpaka Ruti. Ulikuwa umekataa, ulikuwa umejilinda, nikakutoa. Kama nilibonyeza ule muguu hata mara moja, ningelijua ni maji."

Gisèle alinyanyua uso. "Na ungelijua, ungelifanya nini?"

"Ningelinyamaza. Singelikuita."

"Ndiyo," alisema Gisèle. "Ningelimuona mara ya kwanza mu sanduku."

Akasogea kidogo kwenye mkeka, akampa nafasi ya kukaa.